Kadogo aliyetakiwa kuomba msamaha: kisa cha bondia Kassim Ouma

Katika jimu za ndondi za Kampala, hasa huku Naguru, mtoto mdogo kuliko wote huitwa kadogo. "Kadogo, lete kamba." "Kadogo, jaza ndoo." Nimelisikia neno hilo tangu utotoni wala sikulitilia maanani. Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikimtazama mtoto wa miaka 9 hivi akifungwa bendeji mikononi. Kocha alianzia kwenye kidole gumba, akazungusha mara tatu kwenye kifundo cha mkono, akapitisha kitambaa katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, kisha akamwambia akunje ngumi. "Inabana?" "Haibani, afande." Kocha yule hajawahi kuvaa sare ya jeshi maishani mwake. Lakini Kiswahili cha jimu zetu kilitoka kambini, na siku ile, nilipoyasikia maneno kadogo na afande yakitoka kwa watu wawili wasio askari, nilimkumbuka Kassim Ouma.

Wengi hapa mjini wanakijua kisa chake kwa sentensi moja: mtoto wa vita aliyekuwa bingwa wa dunia. Hakuna uongo ndani yake. Shida ni kwamba ikishatamkwa hivyo watu hupiga makofi wakaendelea na mambo yao, na swali gumu la kisa hiki hubaki pale pale bila kuguswa. Nalo ni hili: mtu aliyebebwa na jeshi akiwa na miaka 6, akaliacha jeshi hilo akiwa na miaka 19, alimkosea nani? Serikali ya Uganda ilimwita mtoro, na ilimbidi aombewe msamaha kabla ya kukanyaga tena ardhi ya nyumbani. Nimekipitia kisa hiki mara nyingi, na kila nikikipitia naona msamaha ule ulielekezwa upande usio wake.

Alivyochukuliwa

Kassim alizaliwa Desemba 1978, mwaka ambao Idi Amin alikuwa amekwisha kuingia vitani na Tanzania. Alipoanza kupata akili, nchi ilikuwa katika vita vingine. Februari 6, 1981, Yoweri Museveni na wenzake wachache walishambulia kambi ya Kabamba, na kutoka hapo vita vya msituni vikaenea katika eneo la Luwero, kaskazini ya Kampala. Vilidumu miaka mitano. Jeshi la waasi, NRA, liliuteka mji mkuu mwishoni mwa Januari 1986, na Museveni akaapishwa tarehe 29 ya mwezi huo.

Katikati ya vita hivyo, askari wa NRA walifika katika shule ya bweni alikokuwa Kassim wakamchukua pamoja na wanafunzi wengine. Alikuwa na umri wa kama miaka 6. Ameyaeleza haya mwenyewe hadharani mara nyingi, na maelezo yake hayabadiliki katika jambo la msingi: hakuomba kwenda, wala wazazi wake hawakuulizwa.

Watoto wa namna yake waliitwa kadogo. NRA walitumia Kiswahili kama majeshi yaliyowatangulia, tangu King's African Rifles za wakoloni, maana askari walitoka kila kabila na amri ilihitaji lugha moja. Kwa hiyo mtoto wa Kiganda au wa Kinyankole aliyeingia msituni alijifunza Kiswahili kwa amri: simama, lala chini, songa mbele, ndiyo afande. Sisi tunaokipenda Kiswahili tuna wajibu wa kukumbuka kwamba kwa Waganda wengi sauti ya kwanza ya lugha hii ilikuwa ya mtu mwenye bunduki. Miaka kumi baadaye neno kadogo lilivuka mpaka likaingia Kongo, katika vita vilivyomwondoa Mobutu mwezi Mei 1997, na huko nako likawa jina la watoto waliobeba bunduki ndefu karibu sawa na kimo chao.

Wakuu wa NRA wamekuwa na jibu kwa suala hili, na haki inataka nilieleze. Walisema wengi wa watoto wale walikuwa yatima wa Luwero, vijiji vyao vilichomwa na majeshi ya serikali, na jeshi la waasi ndilo lililokuwa kimbilio lao pekee lenye chakula. Kwa baadhi yao ni kweli tupu. Nimewafahamu wazee waliokuwa kadogo ambao wanalisema hilo kwa shukrani ya dhati, na sina haki ya kuwapinga. Lakini jibu hilo halimfikii Kassim. Yeye alikuwa na baba na mama, alikuwa na dawati shuleni. Kimbilio halimtoi mtoto darasani.

Aliyoyafanya huko hakuyaficha. Amesema alilazimishwa kuua na kutesa, akiwa bado mtoto. Sitaingia zaidi ya hapo. Mimi ni mzazi, na ninapolisoma hilo namwangalia mwanangu wa miaka 7 ambaye bado anahitaji kusaidiwa kufunga kamba za viatu.

Ngumi kama mlango

Vita vilipoisha watoto hawa hawakurudishwa majumbani wote. Baadhi walipelekwa shule, wengi walibaki kwenye sare. Kassim alibaki, akakulia kambini, na huko akakutana na ndondi.

Kwa asiyeijua Uganda, ni vizuri kueleza uhusiano huu wa jeshi na ngumi, maana bila huo kisa hakieleweki. Hapa ndondi zilikua mikononi mwa jeshi, polisi na magereza, pamoja na mitaa ya watu wa kipato cha chini kama Naguru na Nakivubo. Amin mwenyewe alikuwa bingwa wa taifa wa uzani wa juu mwepesi (light heavyweight) katika miaka ya 1950, akiwa askari wa Waingereza. Medali zetu mbili za kwanza kabisa za Olimpiki, Mexico 1968, zilikuwa za mabondia: Eridadi Mukwanga akapata fedha na Leo Rwabwogo shaba. Rwabwogo akaongeza fedha Munich 1972. John Mugabi akaleta fedha nyingine Moscow 1980, akageukia ngumi za kulipwa, akawaangusha wapinzani wake wote mpaka alipokutana na Marvin Hagler, Las Vegas, Machi 1986, akasimamishwa raundi ya 11.

Askari mwenye kipaji cha ngumi alikuwa na nafuu zake. Alilala kwenye kambi ya timu na kula vizuri zaidi, na wenzake walipopelekwa kwenye mapigano ya kaskazini yeye alibaki kupiga gunia. Kassim aliiona nafuu hiyo akaishika kwa mikono miwili. Ni mashoto, kimo chake cha wastani, hana ngumi moja ya kumlaza mtu, ila alikuwa na pumzi isiyokwisha. Akapanda ngazi hadi timu ya taifa, akawa hodari kuliko karibu wote wa uzani wake nchini.

Hapa ndipo husikia kauli inayoniumiza. Wapo wanaosema: basi jeshi ndilo lililomtengeneza, bila jeshi tungempata wapi Kassim? Ninaipinga kwa moyo wote. Ayub Kalule na Cornelius Boza-Edwards walikuwa mabingwa wa dunia bila kuchukuliwa darasani na mtu yeyote. Naguru na Nakivubo zimetoa mabondia kizazi baada ya kizazi kwa kamba ya kuruka na glovu zilizochanika ambazo vijana watano wanapokezana. Kipaji cha Kassim kingeweza kuonwa na kocha yeyote wa mtaani. Na kama kisingeonwa, angekuwa fundi, mwalimu au dereva wa teksi mwenye baba aliyemlea hadi ukubwani, na hapo nisingeona hasara yoyote.

Uamuzi wa 1998

Mwaka 1998 Kassim alisafiri kwenda Marekani na timu ya ndondi. Alikuwa na miaka 19. Hakurudi na wenzake.

Katika uchambuzi wa kisa, huu ndio uzi unaoshika nguo nzima, kwa hiyo nitaushikilia kwa muda. Alikuwa na njia gani nyingine? Kwenye karatasi zilikuwepo. Kati ya 1992 na 1995 jeshi lilipunguza askari zaidi ya 30,000 kwa msaada wa wafadhili, wakapewa kiinua mgongo kidogo na mabati, wakarudi vijijini. Kassim hakuwa miongoni mwao. Alikuwa kijana mdogo anayeiletea timu ushindi, na kwa ninavyozijua timu zetu za taasisi, bondia anayeshinda haachiliwi kirahisi. Angeweza pia kuomba kuachishwa. Lakini fikiria ombi hilo linapitia mezani kwa nani, na mwombaji ni nani: kijana ambaye tangu miaka 6 amefundishwa kwamba anayejaribu kuondoka anaadhibiwa mbele ya wenzake.

Kuna wanaosema alipofikisha miaka 18, Desemba 1996, na kuendelea kupokea posho, basi alikuwa amekubali kuwa askari kwa hiari yake. Hoja hii nimeitafakari kwa uzito kwa sababu ndiyo bora kati ya zote za upande huo. Mwanasheria anaweza kuitetea. Ila hiari huhitaji mtu awe amewahi kuonja kitu kingine. Kijana huyu hakuwa na cheti cha shule wala ufundi, hakuwa na anwani nje ya kambi. Kubaki kwake hakukuwa jibu la swali lolote, maana hakuna aliyemuuliza.

Sheria yenyewe ya sasa inamuunga mkono. Sheria ya jeshi ya mwaka 2005 inataka anayeandikishwa awe ametimiza miaka 18. Itifaki za Geneva za 1977 zilikuwa zimekwisha kukataza kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15, miaka saba kabla ya Kassim kuchukuliwa. Uandikishaji wake haukuwa halali kwa kipimo chochote tunachokubali leo. Na kama kuingia kulikuwa batili, kutoka kunakuwaje kosa?

Kwa gharama ya uamuzi wake hakuna ubishi. Alimwacha mtoto wake wa kiume akiwa mchanga. Aliwaacha wazazi. Kwetu tunasema mtu ameenda kyeyo, yaani kutafuta kazi ughaibuni, na anayeenda kyeyo hutarajiwa kurudi na sanduku Krismasi au Idi. Yeye alijua akirudi atapokewa na askari wa jeshi kwenye uwanja wa Entebbe.

Marekani

Alianza bila makazi, Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza, akitafuta jimu itakayompokea. Jimu ikampokea, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepigana pambano lake la kwanza la kulipwa. Baadaye akahamia Florida. Alijulikana kwa jina la ulingoni la The Dream, yaani Ndoto.

Niliwahi kukaa na bondia mstaafu tukitazama mapambano yake ya miaka ile, moja baada ya jingine, sauti ikiwa imezimwa. Kitu cha kwanza alichokisema yule mzee ni: "Huyu hapumziki." Ni kweli. Mabondia wengi hurusha ngumi arobaini au hamsini kwa raundi, kisha hukumbatia, hurudi nyuma, huiba pumzi. Kassim alirusha themanini, wakati mwingine karibu mia, raundi baada ya raundi, akitembea mbele, mkono wa kulia ukigonga, wa kushoto ukifuata, kichwa kikiyumba. Hakuwa akimwumiza mpinzani kwa pigo moja, alimzamisha polepole kama mvua ya masika inavyolainisha barabara ya udongo. Mzee akaongeza kitu ambacho sijakisahau: "Mtu aliyefundishwa vizuri anajua kupumzika. Huyu alifundishwa na watu waliompiga akipumzika." Sina uwezo wa kuthibitisha kama alisema kweli. Lakini tangu siku ile siwezi kuitazama miguu ya Kassim bila kuyasikia maneno hayo.

Desemba 2002 alipigwa risasi mbili Florida. Alikuwa amevuka vita nzima ya Uganda, akaja kupigwa risasi katika nchi aliyoikimbilia. Madaktari wakamwokoa na mwaka uliofuata alikuwa ulingoni tena. Haraka hiyo watu waliisifu. Mimi iliniogopesha. Mwili unapona, ila mtu anayetoka hospitali na kurudi kupigwa ngumi kana kwamba amepata mafua tu, ana jambo lingine linalomsukuma, na hakuna aliyekuwa akimuuliza juu ya jambo hilo.

Oktoba 2, 2004, Las Vegas, alipigana na Verno Phillips kwa taji la dunia la IBF, mojawapo ya mashirikisho ya ndondi yanayotoa mikanda, la uzani wa supa welta, kilo 69.85. Raundi zote 12, majaji wakampa. Alikuwa na miaka 25. Kwa Uganda ulikuwa ushindi wenye kina cha historia: Kalule alikuwa ametwaa taji la WBA, shirikisho jingine, la uzani huu huu nchini Japani mwaka 1979, na Mugabi akatwaa la WBC huko Ufaransa mwaka 1989. Wanaume watatu kutoka nchi moja ndogo, uzani mmoja, mikanda mitatu tofauti. Nchi nyingi kubwa zaidi yetu hazina hilo.

Na nyumbani? Redio zilitangaza, vijana wa Naguru walifurahi. Ila bingwa mwenyewe hakuweza kuja. Hakukuwa na msafara kutoka Entebbe wala gari la wazi Barabara ya Kampala. Kalule aliweza kuja kwao, Mugabi pia. Bingwa wa tatu alikuwa katika orodha ya watoro.

Januari 2005 alitetea taji dhidi ya Kofi Jantuah wa Ghana, Atlantic City, akashinda kwa pointi. Kisha Julai 14 mwaka huo, Las Vegas tena, akakutana na Roman Karmazin wa Urusi. Raundi ya tatu Karmazin alimwangusha mara mbili. Kassim aliinuka, akamaliza raundi zote 12, lakini taji likaenda. Miezi tisa tu alikuwa bingwa.

Kutoka hapo njia ilikuwa ya kupanda na kushuka. Alishinda mapambano magumu mwaka 2006, akapata nafasi ya kupigana na Jermain Taylor kwa taji la uzani wa kati Desemba ya mwaka huo, Arkansas, nyumbani kwa Taylor, na uzani mzima juu ya ule aliouzoea. Taylor alikuwa mkubwa zaidi na mrefu zaidi. Kassim akaenda raundi 12 akashindwa kwa pointi. Baada ya hapo kushindwa kukawa kwingi kuliko kushinda. Wapenzi wa ndondi walio wachanga zaidi wanamjua kwa pambano la Juni 2011, Panama, dhidi ya Gennady Golovkin: alisimamishwa raundi ya 10, akiwa na miaka 32, baada ya kumbana Golovkin kuliko wengi walivyowahi kumbana katika miaka ile.

Nje ya ulingo maisha hayakutulia. Filamu ya hali halisi juu yake iliyotoka 2008 inamwonyesha akicheka na kutania, akivuta bangi, akicheza na wanawe, halafu ghafla akinyamaza, uso ukifunga. Nimesikia watu wakimlaumu: alipata pesa na jina, kwa nini hakutulia? Wanaouliza hivyo hawajakaa na waliowahi kuwa kadogo. Mimi nimekaa nao, hapa hapa mjini. Mmoja hulala taa ikiwaka na ana miaka zaidi ya hamsini. Kwa Kassim hakuna aliyeketi naye kwa miaka mingi kabla hajawa na jina, na baada ya kuwa na jina waliomzunguka walimhitaji apigane.

Msamaha

Baba yake alifariki Uganda wakati Kassim yuko ughaibuni. Hakuja kumzika. Kwetu, iwe kwa Waislamu au Wakristo, kwa Waganda au kwa Wasoga, mtoto wa kiume asiyeshika udongo wa kaburi la baba yake hubeba deni ambalo hata majirani humkumbusha. Naye hakuzuiwa na nauli.

Ikabidi aombewe. Serikali ikakubali kumsamehe kosa la kutoroka jeshi, na mwaka 2007 akarudi Uganda baada ya karibu miaka tisa. Alizunguka akiwa na askari pembeni yake. Alikwenda kwenye kaburi la baba yake.

Sasa linganisha. Mwaka 2000 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Msamaha. Mganda yeyote aliyeshiriki vita dhidi ya serikali tangu Januari 26, 1986 aliweza kujisalimisha, akapewa cheti, godoro, blanketi na fedha kidogo za kuanzia. Zaidi ya watu 20,000 waliupata msamaha huo, wakiwemo waliotekwa wakiwa watoto na LRA, waasi wa Joseph Kony. Ilikuwa sheria ya huruma, iliyopiganiwa na viongozi wa dini na wazee wa Acholi, na ninaiheshimu.

Lakini tazama tarehe ile. Januari 26, 1986 ndiyo siku NRA ilipotwaa Kampala. Mtoto aliyetekwa na waasi baada ya siku hiyo, serikali ilimtambua kuwa ametekwa. Mtoto aliyetekwa na waasi kabla ya siku hiyo hakutambuliwa, kwa sababu waasi wake walishinda. Wa kwanza alipewa cheti kinachosema amesamehewa na sasa yuko huru. Wa pili alipewa namba ya jeshi. Watoto wawili, vichaka viwili, tofauti ni nani aliyefika Kampala.

Hata Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Februari 2021 kwa makosa mazito mno na Mei mwaka huo ikamfunga miaka 25, majaji walilitaja hadharani jambo la kutekwa kwake akiwa mtoto njiani kwenda shule, na wakampunguzia adhabu kwa sababu hiyo. Simfananishi Kassim naye. Ninachosema ni kwamba hata pale, katika kesi nzito kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, swali la "uliingiaje?" liliulizwa na kuandikwa. Kwa Kassim swali lilikuwa "kwa nini uliondoka?"

Rafiki yangu mmoja, afisa mstaafu ninayemheshimu sana, tulibishana juu ya hili hadi usiku. Aliniambia: "Ndugu yangu, jeshi likianza kuomba radhi kwa kila kadogo, halitamaliza." Nikamjibu kwamba lianze na mmoja. Akanyamaza kidogo, akaniambia yeye mwenyewe alimfundisha mtoto wa miaka 11 kusafisha bunduki, na kwamba mtoto yule alikuwa akiimba nyimbo za shule huku akisugua mtutu. Halafu akaomba tuzungumze mambo mengine, nami sikumlazimisha.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali langu la mwanzo, maoni yangu ni haya. Kassim aliwadai watu wengi na yeye mwenyewe anadaiwa na baadhi, pengine na mwanawe aliyemwacha, ambaye baadaye alimvuta Marekani wakaishi pamoja. Ila jeshi halimo katika orodha ya wanaomdai. Karatasi ya msamaha ilihesabu makosa kuanzia 1998. Kilichotakiwa ni karatasi nyingine, inayoanzia kwenye lango la shule ya bweni karibu mwaka 1984, iliyoandikwa na waliofika pale, ikipelekwa kwa mama yake.

Juzi nilipita tena kwenye jimu. Yule mtoto sasa anaruka kamba bila kujikwaa. Nilimwuliza kocha jina lake halisi. Ilibidi afikiri kwanza ndipo akanitajia. Nikamwomba awe anamwita hilo.